Chuo cha Kunakili

Fungua jarida la kompyuta la Uingereza la mwaka 1983, liwe Your Computer au Sinclair User, na humo ndani utakuta kurasa ambazo msomaji wa leo hajui azifanyie nini. Si habari, si tangazo, si hadithi. Ni safu za mistari yenye namba ubavuni, 10, 20, 30, mpaka 900 na kuendelea, na ndani ya mistari hiyo maneno machache yanajirudia, PRINT, INPUT, GOTO, yakiwa yamezungukwa na mabano, nukta pacha na herufi mojamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa programu. Ilikuwa imelala kwenye karatasi, ikimsubiri mtu aketi mbele ya kompyuta yake ndogo, aweke jarida mapajani na kuichapa herufi kwa herufi, kwa saa nzima au usiku kucha. Watu waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa ridhaa, hakuna aliyewalipa, na wengi wao wanapoikumbuka leo huiita adha iliyowabidi waivumilie ili wapate mchezo. Nadhani kumbukumbu yao inawapotosha katika jambo hilo moja. Adha ile ndiyo iliyowafundisha.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kizazi kile huanza na bei. Altair 8800 ilipotokea kwenye jalada la Popular Electronics la Januari 1975, Mmarekani wa kawaida aliweza kuagiza kompyuta kwa posta na kuiunganisha mwenyewe mezani, japo ilikuja na kumbukumbu ya baiti 256 tu, na mahali pa kibodi palikuwa na swichi. Mwaka 1977 zikafuata Apple II, Commodore PET na TRS-80, ambazo ukiziwasha zilikuwa tayari kupokea amri. Huko Uingereza, Clive Sinclair alishusha bei mpaka pauni 69.95 kwa ZX81 ya mwaka 1981, mashine ya kilobaiti 1 iliyotumia televisheni ya sebuleni kama skrini na redio-kaseti kama ghala lake. Yote hayo ni kweli, na bila bei hiyo yaliyofuata yasingekuwapo. Lakini bei huleta mashine nyumbani, haimfundishi mtu. Cherehani imeingia nyumba nyingi za Afrika Mashariki bila kila nyumba kutoa fundi. Nyumba iliyotoa fundi, mara nyingi, ni ile ambamo mtu alichukua gauni kuukuu, akatatua mishono yake mmoja mmoja, akavitandika vipande sakafuni, kisha akakata kitambaa kipya kwa kuvifuata. Maneno fundi, mafunzo na mwanafunzi yana shina moja, na ukitazama ufundi unavyopatikana utaona kwa nini. Orodha ya programu kwenye jarida ilikuwa gauni lililokwisha kufumuliwa. Msomaji hakuweza kulivaa kabla hajalishona upya kwa mkono wake.

Tuchukue mfano mmoja, maana jambo lenyewe limo katika vitu vidogo. Mtu ananakili programu kwenye ZX81. Katika mstari wa 40 jarida linasema X ipewe thamani ya sifuri, naye kwa uchovu anabonyeza herufi O. Mashine inaupokea mstari bila malalamiko, kwa sababu O inaweza kuwa jina la kitu. Lakini akiamuru programu ianze, inasimama, na chini ya skrini inatokea alama hii: 2/40. Hakuna maelezo mengine. Anafungua kitabu cha maelekezo na kukuta kwamba 2 maana yake ni kitu kilichotajwa kabla ya kupewa thamani, na 40 ni mstari wenyewe. Sasa hana budi kuusoma mstari wa 40, na safari hii hausomi kama mnakili anayefuata maumbo ya herufi. Anajiuliza X ni nini, ilitoka wapi, inakwenda kufanya nini kwenye mstari wa 120. Akishalipata kosa, ameshajua kwamba X ni mahali ilipo ndege ya adui. Na akishalijua hilo, hatua iliyobaki ni fupi kuliko inavyodhaniwa: mstari unaompa mchezaji maisha 3 unaweza kuandikwa 30, na hakuna wa kumzuia. Siku anapoandika 30 anakuwa ameacha kunakili, ingawa huenda mwenyewe hatambui.

Msomaji wa pwani atasema, na kwa haki, kwamba kunakili si kuelewa. Mtoto wa chuo cha Kurani anaweza kuandika aya kwenye ubao, akaosha ubao, akaandika nyingine, na kumaliza juzuu nzima huku maana bado iko mbali naye. Na adabu ya chuo haidai maana katika hatua ile, inadai usahihi wa herufi na heshima ya matini. Nakubali, na tofauti iko hapo hapo. Matini ya programu haikuwa na heshima ya namna hiyo. Ilikuwa amri, na amri hutekelezwa mbele ya macho yako, ikiwa sahihi au ikiwa na kosa. Mwalimu aliyesahihisha hakuwa mtu mwenye shughuli nyingine, wala hakuchoka kuonesha kosa lile lile mara ya kumi. Kunakili kulikomfundisha mtu programu kulikuwa kunakili kunakokatizwa, na kila kukatizwa kulimlazimisha asome.

Mtindo huu haukuanza na kompyuta za nyumbani. John Kemeny na Thomas Kurtz walipoiwasha BASIC kwa mara ya kwanza katika Chuo cha Dartmouth, Mei 1964, walikusudia wanafunzi wasio wa sayansi waweze kuiamuru kompyuta, na kwa ajili hiyo wakaipa lugha maneno machache ya Kiingereza cha kawaida. Mwaka 1969, mwanafunzi wa sekondari huko Lexington, Massachusetts, Jim Storer, aliandika mchezo wa kutua mwezini katika lugha nyingine ndogo, FOCAL. David Ahl, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya DEC, alikusanya michezo ya namna hiyo kutoka kwa watu mbalimbali na mwaka 1973 akaitoa kama kitabu cha orodha tupu za programu. Toleo lake jipya la mwaka 1978 lilifika nakala milioni moja, jambo ambalo hakuna kitabu cha kompyuta kilichokuwa kimelifikia. Hebu tulitafakari hilo. Watu milioni moja walinunua kitabu ambacho hakifai kitu kwa mtu asiyekubali kukinakili.

Na neno lenyewe, kunakili, lilikuwa tayari limeanza kugombewa. Tarehe 3 Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia watu wa ridhaa barua ya wazi kulalamika kwamba wengi wao walikuwa wakiipata BASIC yake ya Altair bila kulipa, kwa kupeana kanda za karatasi zilizotobolewa. Akapiga hesabu kwamba malipo aliyoyapata yeye na wenzake hayakufika dola 2 kwa saa ya kazi. Lalamiko lake lilikuwa la haki zaidi kuliko wengi walivyotaka kukiri. Lakini upande wa pili kulikuwa na nakala ya aina nyingine. Mwaka uliotangulia, gazeti la People's Computer Company la California lilichapisha maelezo ya Dennis Allison ya jinsi ya kutengeneza BASIC ndogo inayoenea katika kumbukumbu finyu. Wasomaji wakaitengeneza, wakarudisha kazi zao zichapishwe, na Januari 1976 jarida la Dr. Dobb's likazaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kanda iliyotobolewa ilipita mkononi kama mfuko uliofungwa: aliyeipokea alipata kitu, hakupata ujuzi wa kitu. Ukurasa uliochapishwa haukuweza kupokewa namna hiyo. Historia ya programu hukumbuka ugomvi wa mwaka 1976 kama ugomvi wa mali. Mimi naona pia tofauti kati ya nakala inayompita mtu na nakala inayopita ndani yake, na ni hii ya pili iliyotoa mafundi.

Kunakili peke yake kusingetosha kama mashine ingekuwa kubwa kupita upeo wa mtu mmoja. ZX Spectrum ya Aprili 1982 ilikuwa na kumbukumbu ya kudumu ya kilobaiti 16, na ndani yake mlikuwa na kila kitu mashine ilichokijua tangu kuwashwa: namna ya kuchora herufi, kusoma kibodi, kupokea sauti ya kaseti, kukokotoa kipeuo cha pili. Mwaka 1983 Ian Logan na Frank O'Hara walichapisha kitabu kilichofumua kilobaiti zote hizo, amri kwa amri, kila moja na maelezo yake. Mtu wa ridhaa aliweza kukibeba kitabu hicho mkononi na kusema, akili yote ya mashine yangu iko hapa. Leo programu inayoendesha simu ya bei ya chini kabisa ina mamilioni ya mistari, na hakuna mtu aliye hai aliyeisoma yote. Ufinyu ule ulizaa pia ustadi ambao bado unashangaza: David Horne alitia mchezo wa chesi katika ZX81 ya kilobaiti 1 kwa kutumia baiti 672, ambazo ni pungufu ya herufi za aya hii unayoisoma.

Ushahidi ulio mzito kuliko yote hautoki Uingereza wala Marekani, na ndio unaotuhusu zaidi. Yugoslavia ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na madeni, uhaba wa fedha za kigeni, na sheria za forodha zilizomzuia raia kuingiza kifaa cha bei kubwa kama kompyuta. Mwaka 1983 Voja Antonić, mhandisi wa Belgrade, alibuni kompyuta ambayo prosesa yake ya Z80 ilifanya pia kazi ya kuchora picha kwenye skrini, kazi ambayo mashine nyingine ziliiachia kifaa maalumu cha ghali. Kwa hila hiyo vipande vilipungua na bei ikashuka. Mchoro wake ulichapishwa mwishoni mwa mwaka huo katika toleo maalumu la jarida la sayansi la Galaksija, chini ya uhariri wa Dejan Ristanović, ili msomaji aijenge mashine mwenyewe. Maombi ya vifaa yalizidi 8,000. Kumbukumbu ya kudumu ya kompyuta hiyo, iliyopewa jina la jarida lenyewe, ilikuwa kilobaiti 4, finyu kiasi kwamba palikuwa na nafasi ya jumbe tatu tu za makosa: WHAT?, HOW? na SORRY. Na programu zilikwenda hewani. Zoran Modli, katika kipindi chake cha Ventilator 202 kwenye redio ya Belgrade, alirusha sauti za programu, na wasikilizaji wakazinasa kwenye kaseti zao na kuziingiza katika mashine. Hapa kunakili kulifika mwisho wake: watu walinakili mchoro kwa chuma cha kulehemu, kisha wakanakili programu kwa sikio la redio.

Ni vigumu kusoma habari hizo bila kufikiria Tanzania. Serikali yake ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ikailegeza marufuku hiyo kidogokidogo tu katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo kumbukumbu ya kijana anayenakili programu usiku mbele ya televisheni ya familia si kumbukumbu ya Tanzania Bara. Hata televisheni yenyewe haikuwapo. Lakini ulinganisho huu usifanywe kwa wepesi. Yugoslavia ilikuwa na viwanda vyake vya elektroniki, na Italia na Austria zilikuwa mpakani, ambako kipande cha silikoni kiliweza kununuliwa na kurudishwa mfukoni. Dar es Salaam haikuwa na jirani wa namna hiyo. Ninachokichukua kutoka Belgrade si lawama kwa waliotunyima mashine. Ni kwamba palipokuwa na uhaba, jarida ndilo lililofanya kazi ya kiwanda na ya shule kwa pamoja, na lilifanya hivyo kwa lugha ya wasomaji wake. Amri zilibaki PRINT na GOTO, na makosa yalisema WHAT?, lakini maelezo ya kwa nini, na ya nini kinafuata, yalikuwa katika lugha ambayo msomaji alinunulia mkate.

Kama hoja yangu ni sahihi, basi mahali ambapo kunakili kulibaki lakini kusoma kukaondolewa, mafunzo yalipaswa kukoma. Na mahali hapo pako. Majarida yalipotaka programu zenye kasi, yalianza kuchapisha lugha ya mashine, yaani kurasa nzima za namba kati ya 0 na 255 zisizosema lolote kwa jicho la binadamu. Makosa yakawa hayapatikani. Mwaka 1983 jarida la Marekani la COMPUTE! likatoa programu ndogo iliyokagua kila mstari uliochapwa na kumjulisha mnakili papo hapo kama umelingana na wa jaridani. Ulikuwa msaada wa kweli kwa watu waliokwishapoteza usiku wao bure. Lakini mnakili sasa aliweza kumaliza programu kamili isiyo na kosa huku hajui hata amri moja iliyomo. Amerudi kuwa mtoto mwenye ubao, na safari hii hakuna sheikh wa kumfafanulia baadaye.

Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa Uholanzi, aliandika mwaka 1975 kwamba wanafunzi walioanza na BASIC karibu hawafundishiki tena, kwani akili zao zimeharibiwa pasipo matumaini. Kuhusu GOTO alikuwa na haki: amri inayoruka kutoka mstari wa 30 kwenda 700 na kurudi 50 hufanya programu kuwa kama nyavu zilizosokotana. Hata hivyo lugha ilirekebishika. BASIC aliyoiandika Sophie Wilson kwa ajili ya BBC Micro ya mwaka 1981 iliruhusu sehemu za programu kupewa majina na kuitwa kwa majina hayo. Tena Dijkstra aliwafikiria wataalamu watakaojenga mifumo mikubwa. Hakuuliza wangetoka wapi. Wengine husema kwamba wengi walionunua mashine zile walicheza tu, na katikati ya miaka ya 1980 kaseti za dukani zilikuwa zimeshinda kurasa za jarida. Ni kweli pia. Lakini mchezaji wa Spectrum aliwasha mashine na kukuta nafasi ya kuandika amri. Hata kuupakia mchezo alilazimika kuandika LOAD. Mlango wa kuandikia na mlango wa kuchezea ulikuwa mmoja, na waliopita wakicheza waliuona.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulijibu, nalikubali. Kumbukumbu tamu za zama zile ni kumbukumbu za wavulana. Marekani, wanawake walikuwa wamefikia karibu asilimia 37 ya wahitimu wa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta katikati ya miaka ya 1980, kisha wakaporomoka mpaka chini ya asilimia 20. Jane Margolis na Allan Fisher, katika utafiti wao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon uliotoka kama kitabu mwaka 2002, walionesha jinsi kompyuta ya nyumbani ilivyowekwa mara nyingi chumbani kwa mvulana, na baba akaketi na mwanawe wa kiume. Karatasi ilikuwa wazi kwa kila anayejua kusoma, lakini mashine ilikuwa moja, na ilikuwa na mwenyewe. Wasichana walipofika chuo kikuu walikuta wenzao wamekwishanakili kwa miaka kadhaa. Anayetaka kurudisha chuo kile bila kwanza kuamua mashine itakaa wapi, atairudisha dhuluma hiyo pamoja nacho.

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote yamepitwa, kwani leo programu hunakiliwa kwa kubonyeza mara mbili, na akili mnemba huandika mistari mia moja kabla chai haijapoa. Sidharau faida hiyo. Mwenye kazi ya kumaliza na aitumie. Ila ni mfuko uliofungwa, kama ile kanda ya mwaka 1976. Kwa vijana wetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kompyuta ya kwanza ya wengi wao ni simu, na simu haikuoneshi popote nafasi ya kuandika amri. Lakini simu hiyo ya bei ya chini inaweza kuendesha Python, lugha iliyo bure na rahisi kusomeka kuliko BASIC ilivyowahi kuwa. Kinachokosekana ni ukurasa.

Basi ombi langu linawaendea wahariri wa majarida na magazeti ya Kiswahili, waandishi wa vitabu vya shule, na walimu wanaotoa gazeti la ukutani. Tengeni ukurasa mmoja kila mwezi. Chapeni programu isiyozidi mistari 30: mchezo wa kubahatisha namba, hesabu ya riba ya mkopo wa kikundi, ubao wa bao wa mashimo manane kwa safu. Elezeni kila mstari kwa Kiswahili. Msiweke kiungo cha kuishusha programu ikiwa tayari. Acheni ichapwe kwa mkono, ikosewe, isimame, isomwe tena. Na mwisho wa ukurasa mwombeni msomaji alete alichokibadilisha, mkichape mwezi unaofuata pamoja na jina la msichana au mvulana aliyekileta. Kurasa 12 kwa mwaka zinatosha kuanzia.